SOMO: NJIA YA MLANGONI – JINSI YA KUITENGENEZA BILA KUVUNJA KANUNI ZA KAMBI



Katika mikutano ya vijiji swali moja linarudi kila inapokaribia mvua: je, mkimbizi anaruhusiwa kutengeneza njia inayoingia nyumbani kwake? Wengine wanasema hairuhusiwi kabisa. Wengine wanajenga wapendavyo, kisha wanaamriwa kubomoa, na jasho lao linapotea. Jibu ni kwamba inaruhusiwa, lakini ina mipaka yake. Somo hili linaeleza mipaka hiyo na sababu zake, halafu linaonyesha kazi yenyewe hatua kwa hatua.

1. KWA NINI TUSHUGHULIKE NA NJIA?

Bidoni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Mama anaitoa bombani kichwani, mara nyingi na mtoto mgongoni. Udongo mwekundu wa Kigoma ukilowa huteleza kama sabuni. Mahali pa kuanguka ni pale mbele ya mlango, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hupita na hapo ndipo maji ya paa hudondoka.

Sababu ya pili ni mbu. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia, hata yale kidogo yanayokaa katika nyayo na vishimo. Tangu yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili tu. Dimbwi la mlangoni likikaa muda huo, tumejifugia mbu wenyewe.

Sababu ya tatu ni usiku. Mgonjwa anapozidiwa, au mama anaposhikwa na uchungu, watu huja kumbeba kwa machela. Wabebaji wanne hawawezi kupita katika kinjia cha mguu mmoja chenye shimo gizani. Njia nzuri huokoa dakika, na pengine huokoa mtu.

2. KANUNI NA SABABU ZAKE

Kanuni ikieleweka sababu yake, ni rahisi kuifuata.

a) Tusijenge vitu vya kudumu. Ardhi ya kambi si mali yetu, tumeazimwa na nchi iliyotupokea. Kwa hiyo ngazi za saruji na sakafu ya zege nje ya nyumba hazitakiwi. Udongo, changarawe, mawe yasiyounganishwa kwa saruji na majani ya kupanda vinaweza kuondolewa wakati wowote, ndiyo maana havina tatizo.

b) Tusizibe njia ya wote. Kati ya nyumba na nyumba kunatakiwa nafasi isiyopungua mita 2, na ikiwezekana mara mbili ya urefu wa nyumba kwenda juu. Tena kila mita 300 za makazi panatakiwa uwazi wa mita 30. Nafasi hizo zimewekwa kwa ajili ya moto. Ukisogeza uzio au kupanga mawe makubwa humo, siku ya moto utakuwa umewafungia jirani zako.

c) Tusichimbe udongo ovyo. Shimo la kutoa udongo nyuma ya nyumba hujaa maji ya mvua. Mtoto mdogo anaweza kufa maji katika shimo lisilozidi kimo chake. Udongo uchukuliwe mahali palipoonyeshwa na viongozi tu.

d) Tusikate miti wala tusitoke kambini kutafuta mawe bila kibali. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka mkimbizi awe na kibali anapotoka katika eneo alilopangiwa. Kukamatwa kwa sababu ya kokoto ni hasara kubwa kwa familia.

e) Tusimpelekee jirani maji yetu. Jambo hili ndilo linaloleta kesi nyingi kwa wazee wa kijiji. Tutalieleza kwa kirefu katika sehemu ya 5.

Kabla ya kuanza, mweleze mwenyekiti wa kijiji unachotaka kufanya na mwonyeshe mahali penyewe. Mazungumzo ya nusu saa ni nafuu kuliko kubomoa.

3. KWANZA TAZAMA MAJI

Usianze na jembe. Mvua inaponyesha, simama mlangoni utazame. Maji yanatoka wapi? Yanapita wapi? Yanakaa wapi? Mvua ikikatika, choma vijiti vidogo katika sehemu hizo.

Paa letu huleta maji mengi kuliko tunavyofikiri. Mvua ya milimita 1 katika mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme paa lina mita za mraba 20, na mvua ya jioni moja ni milimita 30. Hizo ni lita 600, yaani bidoni 30. Nusu yake, bidoni 15, hudondoka upande wa mlango. Ndiyo maana mstari wa matone chini ya turubai au majani ya paa huchimbika kila mwaka. Weka changarawe au vipande vya matofali ya kuchoma katika mstari huo, upana wa sm 30. Matofali mabichi hayafai, yatageuka tope.

4. KAZI YENYEWE

Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika. Vifaa ni jembe, chepe, kamba, vijiti, ubao ulionyooka wa mita 2, chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, na gogo zito lenye vishikio la kushindilia.

Hatua ya 1. Pima. Upana wa sm 120 unatosha kwa machela na kwa kiti cha magurudumu. Kama nafasi ni ndogo, usishuke chini ya sm 90. Funga kamba pande zote mbili.

Hatua ya 2. Ondoa udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na takataka, sm 10 hivi. Usiutupe. Upeleke kwenye bustani ya mboga.

Hatua ya 3. Leta changarawe au udongo wa moramu. Hesabu kwanza usije ukaishiwa katikati. Njia ya urefu wa mita 6, upana mita 1.2 na unene sm 10 inataka lita 720 zilizoshindiliwa. Udongo ukiwa umelegea huwa mwingi zaidi, basi andaa ndoo 45 za lita 20. Watu watano wakibeba, kila mmoja anapata ndoo 9.

Hatua ya 4. Lowesha kidogo. Maji ya kunywa yasitumike. Kipimo cha chini cha mashirika ni lita 15 kwa mtu kwa siku, hayatoshi kumwaga chini. Tumia maji yaliyofulia nguo. Kujua kama unyevu unafaa, kamata udongo ufinyange kama yai, kisha uuachie kutoka kifuani. Ukivunjika vipande vichache, unafaa. Ukisambaratika kama unga, ni mkavu. Ukibaki donge moja lililobonyea, umelowa mno, ngoja ukauke.

Hatua ya 5. Mwaga tabaka la sm 5, shindilia mpaka gogo litoe sauti kavu na kisigino kisiache alama. Ndipo uweke tabaka la pili. Anayemwaga zote kwa pamoja hushindilia juu tu, na chini hubaki laini. Mvua ya kwanza itamwonyesha.

Hatua ya 6. Inua katikati. Katikati ya njia iwe juu kuliko kando kwa sm 3, ili maji yakimbilie pande zote mbili. Kujua mwinamo, laza ubao, na juu yake laza chupa iliyojaa maji karibu kabisa. Kiputo cha hewa huenda upande ulio juu. Kisha geuza ubao, kushoto kwenda kulia, upime tena. Kama majibu mawili hayafanani, ubao umepinda.

Hatua ya 7. Shika kingo kwa mawe yaliyofukiwa nusu, au panda mchaichai. Mizizi yake hushika udongo, na majani ni chai. Chupa za kioo zisitumike, zikivunjika zitakata miguu ya watoto.

5. MFEREJI NA JIRANI

Kando ya njia chimba mfereji mdogo, kina sm 20 na upana wa juu sm 30, kuta zake zilale kidogo zisisimame wima. Kila mita 1 ushuke sm 1 au 2. Mahali penye mteremko mkali maji hula udongo. Hapo panga mawe machache kuukata mfereji kila baada ya mita 2 au 3, maji yapungue nguvu.

Sasa mfereji huo unaishia wapi? Tuchukue mfano wa nyumba mbili. Nyumba A iko juu, nyumba B iko chini. Baba wa nyumba A ametengeneza njia nzuri, na mfereji wake unaishia mpakani. Kwake ni pakavu. Mvua inaponyesha, maji ya paa lake, ya ua wake na ya nyumba za juu yanaingia chini ya ukuta wa mama wa nyumba B. Ukuta ni wa matofali mabichi. Mwezi mmoja tu, ukuta unapasuka chini. Mama anaziba mfereji kwa udongo usiku. Asubuhi maji yamerudi kwa A, na kelele zimeanza. Mwisho wanapelekana kwa sungusungu.

Nani ana kosa? Baba wa A alifanya kazi nzuri, lakini aliifanya nusu. Mfereji haujaisha mpaka ufike kwenye mfereji mkubwa wa barabara. Mama wa B naye alikuwa na haki ya kulalamika, lakini kuziba hakukutatua neno.

Dawa ni hii. Aliye juu ndiye aanze kusema: "Mama, nataka kuchimba mfereji. Tafadhali njoo tutazame pamoja maji yatapita wapi kwako." Watembee wote wawili hadi barabarani, na waite kiongozi wa nyumba zao awe shahidi. Wachome vijiti. Wachimbe pamoja, na aliye juu achangie kazi hata katika sehemu ya aliye chini, kwa maana maji ni yake pia.

Angalizo: maji ya kuogea yasiingizwe katika mfereji wa mvua. Yachimbiwe shimo la kunyonya, lijazwe mawe hadi juu asitumbukie mtu, na liwe mbali na kisima si chini ya mita 30.

6. WAZEE NA WENYE ULEMAVU

Kama nyumbani yupo mtu wa kiti cha magurudumu au wa magongo, usiweke ngazi. Weka mteremko: kila sm 1 ya kupanda ipewe sm 12 za urefu. Mlango ulioinuka sm 20 unataka mteremko wa sm 240. Mwinamo wa kwenda kando uwe mdogo, kiti kisivutwe upande mmoja. Kwa asiyeona, mstari wa mawe upande mmoja kutoka mlangoni hadi chooni humwongoza kwa fimbo. Vijana wa kijiji wawafanyie kazi hii wasio na nguvu.

7. MATUNZO

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya kila mvua kubwa, pita na chepe dakika kumi: toa takataka mferejini, jaza vishimo, shindilia.

8. "LAKINI SISI NI WAPITA NJIA"

Wapo wanaosema: tutarudi kwetu, kwa nini tutengeneze njia ya hapa? Hoja hiyo tunaiheshimu, hakuna asiyetamani kwao. Lakini Nyarugusu ilianza kupokea Wakongo mwaka 1996. Yupo aliyeingia amebebwa mgongoni, naye akazaa watoto hapa hapa. Miaka yote hiyo mvua haikungoja turudi. Kutengeneza njia ya udongo si kusahau nyumbani. Siku ya kuondoka, tutaitumia kutoa mizigo, na ujuzi tutaubeba bila kulipia nauli.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wenu, mfereji upi unaishia mlangoni kwa mtu?
2. Machela inaweza kufika katika nyumba zipi usiku, na zipi haiwezi?
3. Kuna mashimo gani ya udongo yanayotakiwa kufukiwa kabla ya mvua?
4. Nani katika nyumba zenu kumi anahitaji kusaidiwa kazi hii?

Majibu yapelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mhamasishaji wa zoni yenu. Asiyejua kusoma asomewe somo hili na jirani.

Mhamasishaji wa Jamii