SOMO KWA WALIMU NA WAZAZI: MICHEZO NA ALAMA KATIKA DARASA LA WATOTO

Maandiko ya kusoma: Zakaria 8:1-8, 1 Wakorintho 9:24-27, Mathayo 20:1-16



Wazazi kadhaa hapa Rohero wameuliza kwa nini watoto wao wanacheza katika darasa la kanisa. Wengine wamewakuta wameinama juu ya vishimo vya igisoro, wakadhani ni kamari. Swali hilo ni la haki, basi tulijibu kwa Neno.

Nabii Zakaria alisema na watu waliorudi kutoka uhamisho wa Babeli. Alipowaonyesha mji uliopona, alitaja wazee wameketi na mikongojo yao, na njia zilizojaa wavulana na wasichana wakicheza. Sisi tuliokimbia tunajua kwamba mtoto mwenye hofu hachezi. Yule aliyevuka Rusizi mwaka 2025 akiacha milio ya bunduki nyuma yake hawezi kukariri mstari siku ya kwanza. Mpe kete, mkono wake utasogea.

Igisoro ina vishimo 32, mistari 4 ya vishimo 8, na kete 64. Vizibo vya soda vinatosha. Mtoto akipanda kete huku akihesabu kwa sauti, rimwe, kabiri, gatatu, kane, anajifunza Kirundi. Shule za Burundi hufundisha madarasa ya chini kwa Kirundi, na mtoto wa Uvira au Fizi huachwa nyuma hapo, kabla hata ya kufika kwenye Kifaransa. Anayeweka fedha, hata faranga mia, amecheza kamari, na hilo tunalikataza.

Jambo gumu zaidi ni alama na zawadi. Walimu wengi hupenda kubandika majina ukutani na kuchora nyota kwa kila mstari uliokaririwa. Inavuta watoto, ni kweli. Lakini angalieni ni nani anayevutwa. Watatu wa juu ni wale wale kila juma. Yule aliyekosa shule miaka miwili kwa sababu ya vita anajua, hata bila kusoma, kwamba jina lake ni la mwisho. Jumapili ya nne haji.

Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi juu ya watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwanza, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu.

Wengine hutetea mashindano kwa mfano wa Paulo wa mbio na taji. Lisomeni andiko mpaka mwisho: Paulo anautiisha mwili wake mwenyewe, hashindani na ndugu yake. Na vibarua wa saa kumi na moja katika Mathayo 20 walipata dinari ile ile. Mimi naona hapo kuna kanuni nzuri ya kuhesabu alama kuliko nyota za ukutani.

Basi walimu, gawanyeni watoto watano watano, wakubwa na wadogo, na katika kila kundi awemo aliyefika karibuni. Alama ziwe za kundi. Mtoto aliyeshindwa juma lililopita akikariri leo, kundi lake lipate alama mbili. Mwisho wa mwezi futeni ubao, wote waanze upya. Peremende zisitangazwe mapema, na zisipotosha wote zisigawiwe.

Penseli na daftari visifanywe zawadi kamwe. Mtoto wa mkimbizi asishindanie kitu ambacho bila hicho hawezi kusoma. Wapeni wote siku ya kwanza, hata kama ni nusu penseli.

Wazazi, jioni nyumbani msiulize, "Umekuwa wa ngapi?" Mwulizeni mtoto ni nani katika kundi lake aliyeweza mstari juma hili, na walimsaidiaje.