SOMO LA AFYA: HARUFU YA UKE

Ndugu wasichana, uke (njia ya uzazi) kuwa na harufu kidogo si ugonjwa. Ndani munakaa vijidudu vya kulinda. Döderlein, munganga Mudachi, alivieleza mwaka 1892. Vinafanya asidi yenye kuzuia vijidudu vibaya. Vikipunguka, vibaya vinajaa, na harufu ya samaki inatoka.

Basi mushike haya:

1. Osha inje tu, na maji. Usiingize ndani sabuni, ndimu wala chumvi: utaua walinzi wako.
2. Kitambaa cha mwezi ukifue, ukianike juani.
3. Ukiona harufu ya samaki, maji ya kijivu, kuwashwa ao maumivu, enda kwa munganga mapema. Dawa iko.

Musimucheke mwenzenu. Harufu haionyeshi kama mutu ni malaya. Haya ndiyo inachelewesha dawa.