Maganda ya kambamiti na mada "iliyochakaa"

Swali: Nasoma uzamili wa famasia. Nataka kutengeneza utando wa kufunika vidonda kwa kitosani ya maganda ya kambamiti, lakini msimamizi wangu anasema mada imechakaa. Niiache?

Jibu: Usiiache, ipunguze. Kweli kitosani si ngeni: askari wa Marekani walikuwa na bandeji zake Irak na Afghanistan kuzuia damu. Kilichobaki cha kutafiti ni kemia yake. Ukishaondoa chokaa kwa asidi ya hidrokloriki na protini kwa soda kali iliyozimuliwa, hubaki kitini. Hiyo hupikwa katika soda kali ya asilimia 40 hadi 50 ili vikundi vya asetili vitoke, iwe kitosani. Hapa ndipo wengi huharibu. Moto ukizidi, minyororo ya molekuli hukatika na utando unapasuka kama chapati ya jana. Vikundi hivyo vikitoka vichache mno, kitosani haiyeyuki kwenye asidi asetiki ya asilimia 1. Pima kiwango cha asetili kilichotoka kwa kila fungu, si fungu la kwanza tu. Kisha chagua dawa moja ya kutia kwenye utando, ufuatilie inavyotoka saa kwa saa. Majaribio ya panya yaache kwanza, kibali cha maadili kitakula muda wako. Na maganda ya soko la samaki la Feri yakaushe siku hiyohiyo, wenzako maabara wana pua.