Bunduki Isiyokwama na Kazi ya Kuitunza

Wako wanaouliza ni silaha gani ifaayo kuwekwa nyumbani miaka mingi, isije ikashindwa siku ya haja. Na tuwatazame askari wa K.A.R. waliopigana Uhabeshi mwaka 1941 na Burma mwaka 1944. Bunduki yao ilikuwa Lee-Enfield ya risasi za .303. Komeo lake huvutwa na kusukumwa kwa mkono, tena hutolewa zima bila kufungua skrubu hata moja. Magazini huchukua risasi 10. Ndani ya kitako mlikuwa na kichupa cha mafuta na kamba ya kuvutia kitambaa mtutuni. Baada ya kupiga, askari alimimina maji ya moto mtutuni ili kuondoa chumvi ya fataki iletayo kutu, kisha akakausha na kupaka mafuta. Mvua za Burma hazikumhurumia mvivu.

Lakini mkaaji wa Komarock, huko Eastlands ya Nairobi, hayumo vitani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu kununua wala kuwa na bunduki au risasi pasipo cheti, nacho huombwa kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Tena nyumba za huko zimeshikana, na risasi ya bunduki ya namna ile hupenya mlango ikaendelea hadi kwa jirani.

Kwake yeye, naona kufuli imara, namba ya polisi 999 na tochi vyatangulia. Tochi ikiwekwa muda mrefu, betri zitolewe, kwa maana huvuja na kuila.