RAKA: Neno dogo, hasira kubwa

Wapendwa vijana, leo nataka tuchambue neno moja tu la Mathayo 5:22: Raka.

Huenda kwenye Biblia yako hulioni. Tafsiri ya zamani ya Union Version imeweka "kumfyolea" ndugu, yaani kumtolea maneno ya dharau. Lakini katika Injili ya Kigiriki, Mathayo aliliacha neno lenyewe kwa Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu. Katika Agano Jipya lote linatokea hapo tu.

Maana yake ni "mtupu". Ni ndugu wa neno la Kiebrania "req", tupu, lililotumika katika Waamuzi 9:4 kuwaeleza wahuni waliokodiwa na Abimeleki. Kwa hiyo Raka si tusi la nguoni. Mtakatifu Yohane Krisostomo, mzaliwa wa Antiokia, alilifananisha na mtu anayemwamrisha mtumishi kwa kusema tu "Wewe!"

Mimi naona sisi tunalo la kwetu linalokaribiana nalo sana: "mtu bure". Tunalisema kirahisi, hata kwenye grupu la WhatsApp la kwaya. "Achana naye, mtu bure yule." Namfahamu binti aliyeambiwa hivyo mbele ya wenzake. Hakujibu kitu. Jumapili iliyofuata hakuja, na mpaka leo hajarudi.

Sasa jiulize, kwa nini Yesu alitaje neno hilo mara tu baada ya amri ya "Usiue"? Kwa sababu anayeua anamfuta mtu, na anayesema "mtu bure" ameshamfuta kwa mdomo. Anamwita mtupu mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27).

Je, tusikosoane? Tukosoane, tena tusiogope! Ila tofautisha kosa na mtu. "Umechelewa mazoezi mara tatu" ni kosa, linarekebishika. "Wewe mtu bure" ni hukumu, na hiyo hatukupewa sisi.

Soma pia aya ya 23 na 24. Yesu anasema uiache sadaka yako altareni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Basi kabla ya Misa ya Jumapili hii, kama kuna uliyemwita hivyo, mpigie simu. Usitume meseji, piga. Na umwite kwa jina lake.