Shamba la Marehemu: Nani Ana Mamlaka ya Kuliuza?

Mazishi yamekwisha na wageni wameondoka. Miezi miwili baadaye, mtu asiyejulikana anafika bomani na fundi wa kupima ardhi. Ana mkataba uliotiwa saini na kifungua mimba: ameuziwa nusu ekari ili deni la hospitali lilipwe. Hati miliki bado ina jina la baba. Je, mnunuzi huyo amenunua nini?

Kisheria, hajanunua shamba. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kuuza au kujitwalia mali ya marehemu bila mamlaka ya mahakama. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Kuwa kifungua mimba au mjane pekee hakutoi mamlaka hayo.

Hatua za kufuata

1. Pata cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi.

2. Pata barua ya chifu inayotaja warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa. Mrithi akifichwa, mahakama inaweza kufuta hati itakayotolewa.

3. Hakikisha katika ofisi ya ardhi kwamba shamba limesajiliwa kwa jina la marehemu.

4. Wasilisha ombi mahakamani. Hakimu Mkuu husikiliza kesi za mali isiyozidi shilingi milioni 20; zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Waislamu wanaweza kwenda Mahakama ya Kadhi, ambako mali hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Pasipo wosia, mke au mume wa marehemu hupewa kipaumbele kuwa msimamizi. Wasimamizi hawazidi wanne.

5. Subiri siku 30 baada ya tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye pingamizi huliwasilisha wakati huo.

6. Omba uthibitisho wa hati ya usimamizi, kwa kawaida miezi sita baada ya kutolewa.

Familia nyingi hukwama hapa. Hati ya kwanza humruhusu msimamizi kukusanya mali na kulipa madeni, lakini ardhi haiuzwi wala kugawanywa kabla ya uthibitisho. Ni cheti cha uthibitisho kinachoonyesha kila mrithi atapata nini.

Nani hupata nini?

Marehemu asiyeacha wosia akiwa na mke mmoja na watoto, mjane hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote. Baadaye watoto hugawana sawa, wa kiume na wa kike. Penye watoto wa chini ya miaka 18, wasimamizi wawe angalau wawili.

Ada za ardhi zinazodaiwa na kaunti haziishi mwenye shamba anapofariki. Familia izilipe mapema, kwani cheti cha kutodaiwa huhitajika wakati wa kubadilisha jina. Na anayetaka kununua shamba la marehemu aulize kwanza: cheti cha uthibitisho kiko wapi?