Kanzidata ya Bure au ya Kulipia: Fanya Hili, Usifanye Lile

Orodha hii ni ya wanaotengeneza tovuti na mifumo kwa fedha ya mwajiri. Ya nyumbani kwako weka utakavyo. Ofisini kuna mhasibu, kuna mkaguzi, na kuna atakayeurithi mfumo wako siku ukihama.

Usianze na jina la kanzidata. Anza na data. Andika ukurasa mmoja: unahifadhi nini, kinaongezeka kiasi gani kwa mwezi, wangapi wanaandika kwa wakati mmoja, na mfumo ukilala saa nzima nani anaumia. Tovuti ya habari, fomu za maombi, daftari la wateja: PostgreSQL au MariaDB huzibeba bila jasho kwenye seva ya kawaida. Kama huwezi kutaja jambo moja lililozishinda hizo, huna hoja ya kununua. "Ndiyo inayotumiwa na makampuni makubwa" si hoja.

Tofautisha huria na kionjo. PostgreSQL ni huria: jaza data uwezavyo, hakuna atakayekuja kudai. SQL Server Express nayo hailipiwi, ila ina ukomo: hadi toleo la 2022, kanzidata moja haivuki GB 10. Oracle ya bure inaishia GB 12 za data na GB 2 za RAM. Sasa, siku GB 10 zikijaa tovuti haizimiki, na ubaya uko hapo hapo. Kurasa zinafunguka, mkurugenzi anaona mambo shwari, ila mwombaji akibonyeza Tuma, fomu inagoma. Habari kwamba ukomo wa leseni umefikiwa imeandikwa kwenye logi ambazo hakuna anayezisoma. Mara nyingi hata kilichojaza si wateja, ni skani za vyeti zilizotumbukizwa ndani ya jedwali. Faili liweke kwenye folda, jedwali lishike njia ya kulifikia tu.

Na toleo la Developer la SQL Server, lenye kila kitu bila malipo, ni la kujengea na kujaribia. Usiliweke kwenye seva inayohudumia wateja. Kamwe.

Piga hesabu mpaka mwisho. Oracle Enterprise Edition, kwa bei ya orodha iliyodumu miaka mingi, ni dola 47,500 kwa prosesa, na msaada wa kila mwaka ni asilimia 22 ya hiyo. Kwenye chipu za Intel, viini viwili huhesabiwa prosesa moja. Seva ya viini 8 basi ni dola 190,000, kisha dola 41,800 kila mwaka. Punguzo hupatikana kwa wanaojua kubishania bei, lakini hata ukipewa nusu, linganisha na mishahara ya kitengo chako kizima cha TEHAMA.

Kwa upande wa pili, usimdanganye bosi kwamba PostgreSQL haina gharama. Isiyo na gharama ni leseni. Wa kuitunza anataka mshahara, na kama hayupo, msaada unanunuliwa kwa mkataba kutoka kampuni kama EDB au Percona. Weka hesabu zote mbili kwenye karatasi moja.

Usiguse usichokilipia. Oracle haikuzuii kutumia vifurushi vya ziada. Inakuacha, na inaandika. View ya DBA_FEATURE_USAGE_STATISTICS inatunza kumbukumbu ya vipengele ulivyovitumia, nayo ni miongoni mwa vitu ambavyo mkaguzi wa leseni huviangalia. Diagnostics Pack na Tuning Pack huja zikiwa wazi kwenye Enterprise Edition. Kama hukuzinunua, weka CONTROL_MANAGEMENT_PACK_ACCESS iwe NONE siku ile ile ya kusakinisha.

Rudisha bakapu kabla hujaihitaji. Hapa sina subira na mtu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta folda ya data ya PostgreSQL akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipozinduka, kati ya GB 300 hivi zilibaki 4.5. Wakakimbilia bakapu: pg_dump ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati kanzidata ni 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikifeli siku zote, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. PostgreSQL haikuwa na kosa, na kanzidata ya dola laki mbili ingefutika vile vile. Kila mwezi, rudisha bakapu kwenye seva tupu, fungua tovuti juu yake, hesabu safu.

Soma leseni, na umjue mwenye mali. MySQL ilizaliwa Sweden mwaka 1995, ikanunuliwa na Sun 2008, ikaangukia mikononi mwa Oracle 2010. Mmoja wa waanzilishi wake, Michael Widenius, alikuwa amekwishajitenga na kuanzisha MariaDB. MongoDB ilibadili leseni 2018, Redis ikafuata 2024. PostgreSQL haina kampuni moja inayoimiliki, na kwangu mimi hiyo inatosha kuiweka mbele.

Nunua inapobidi, bila aibu. Programu ya uhasibu inayokubali SQL Server peke yake ni sababu. Leseni ambayo shirika limekwishailipia na kikosi kinachoifahamu ni sababu pia. Sababu hiyo iandikwe, iwekwe tarehe na sahihi.

Usizike kanuni za biashara ndani ya kanzidata ya kulipia. Taratibu mia mbili za T-SQL au PL/SQL ndizo zitakazokuzuia kuhama, wala si data. Data huhamishwa wikendi moja. Taratibu hizo zitaandikwa upya moja moja, na muuzaji anajua hivyo anapokuletea bei mpya ya mkataba.